Mpigo wa moyo wako ni somo la hesabu

Siku za soko hapa Kagio si ajabu kumwona mtu akipimwa presha kando ya barabara, ametua kreti la nyanya dakika hiyo hiyo na jasho linamtoka. Akiandikiwa 150 kwa 95, huja kliniki amekata tamaa, ama mbaya zaidi, ameshaanza kumeza tembe za jirani. Ukimuuliza alipimwa mara ngapi, na kama alikuwa ameketi, hana jibu. Alicho nacho ni nambari moja tu.

Tabia hii ya kuamini nambari moja, kwa maoni yangu, hutibiwa darasani wala si hospitalini. Dawa yake ni saa yenye mshale wa sekunde.

Mwalimu awaketishe wanafunzi kimya kwa dakika tano. Kisha kila mmoja aweke vidole viwili, cha shahada na cha kati, kwenye kifundo cha mkono upande wa kidole gumba. Kidole gumba chenyewe kisitumike, kwani kina mpigo wake na humpotosha anayehesabu. Ahesabu kwa sekunde 15 na kuzidisha mara nne, halafu arudie kwa dakika nzima. Mara nyingi majibu hayatalingana, maana pigo moja likikosewa katika sekunde 15, kosa nalo huzidishwa mara nne. Hapo mtoto amejionea kwamba namna ya kupima ni sehemu ya jibu.

Tuseme wanafunzi watano wamepata 72, 76, 78, 80 na 84. Wastani ni 78. Sasa yule wa mwisho aandike 840 kwa haraka: wastani unaruka hadi 229! Nambari iliyo katikati, hata hivyo, inabaki 78. Darasa zima litacheka, kwa sababu hakuna moyo wa aina hiyo. Lakini zingekuwa bei za mahindi za kubuniwa kitabuni, huenda kosa lingepita bila kuonekana.

Apime tena kila asubuhi kabla ya kutoka kitandani, kwa majuma mawili, achore grafu. Ataona siku ya homa ikijitokeza kama kilima. Kwa mtu mzima aliyepumzika, mapigo 60 hadi 100 kwa dakika huhesabiwa kuwa ya kawaida, lakini mkimbiaji hodari huweza kuwa na 50 au chini yake naye ni mzima kabisa. Grafu yake mwenyewe ndiyo itakayomwambia kama leo kuna mabadiliko.

Presha nayo ni vivyo hivyo. Pumzika dakika tano, mgongo na mkono viegemezwe, usizungumze, na usiwe umekunywa kahawa au kuvuta sigara nusu saa kabla. Kwa kawaida daktari hutaka vipimo vya siku tofauti kabla ya kusema una ugonjwa. Ikifika 180 kwa 110, usingoje. Onwa siku hiyo hiyo.

Kuhusu uzito nina wasiwasi. Msichana akitangaziwa kilo zake mbele ya darasa, somo limekwisha na aibu imeanza. Isitoshe, vipimo vya unene vya watu wazima havimfai mtoto. Vyake hutegemea umri na jinsia.

Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya habari za mtoto kushughulikiwa, na habari za afya imeziweka katika kundi la siri nyeti. Wakenya tulilipuuza jambo hili hadi Agosti 2023, serikali iliposimamisha Worldcoin baada ya watu kupiga foleni Nairobi wakapigwe picha za macho ili wapewe sarafu za kidijitali. Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru data hiyo ifutwe kwa siku saba.

Kwa hivyo, mwalimu, kadi za darasa ziwe na alama badala ya majina, na muhula ukiisha kila mwanafunzi aende na yake nyumbani.