Mwaka Mmoja Nyuma ya Kidonge

Mhitimu wa shahada ya ufamasia nchini Tanzania hawi mfamasia siku anapovaa joho. Hutakiwa kwanza kutumikia mwaka mzima wa utarajali chini ya usimamizi, ndipo Baraza la Famasi limsajili na kumruhusu kuifanya kazi hiyo kwa jina lake. Wengi wetu huupitisha mwaka huo hospitalini, wakitoa dawa dirishani na kufuatana na madaktari wodini. Mimi niliupitisha katika kampuni binafsi, ndani ya kiwanda cha kutengeneza vidonge na dawa za maji. Wenzangu walinitania kwamba nimeuacha utabibu na kwenda kuwa mfanyabiashara. Makala haya yanaeleza nilichokikuta huko, kwa faida ya wanafunzi wanaotafakari njia hiyo, na kwa faida ya kila mtu anayemeza kidonge asijue kimetoka wapi.

Wiki za kwanza sikugusa dawa yoyote. Nilisoma miongozo ya kazi, mmoja baada ya mwingine: namna ya kunawa, namna ya kuvaa kofia, barakoa na koti lisilo na mifuko, mlango upi huingiliwa na watu na upi huingiliwa na malighafi, hewa ya chumba hiki isivujie vipi katika chumba cha pili. Mwanafunzi aliyezoea mihadhara ya kinga na vimelea huona mambo hayo kuwa madogo. Lakini mtu mmoja akitoka chumba cha dawa ya malaria na vumbi kwenye mikono ya koti, akaingia chumba cha dawa ya shinikizo la damu, amekwisha changanya dawa mbili katika kopo ambalo lebo yake inataja moja.

Nikahamishiwa ghala la malighafi. Huko nilijifunza neno ambalo wasomaji wengi walilijua wakati wa magonjwa ya mlipuko: karantini. Kila pipa linaloingia huwekwa kando na kubandikwa lebo ya kusubiri. Hata kama limekuja na cheti kizuri cha mtengenezaji wake, halitumiki mpaka maabara ya kiwanda ichukue sampuli, ipime na kuliidhinisha. Nilimwuliza msimamizi wangu kwa nini tusiuamini mhuri wa mwuzaji tunayemjua miaka mingi. Alinijibu kwa kunitajia miaka miwili: 1937 na 2022.

Mwaka 1937, nchini Marekani, dawa ya maji ya salfa ilitengenezwa kwa kuyeyushwa katika diethilini glikoli, kimiminika kitamu lakini chenye sumu kali kwa figo. Watu zaidi ya 100 walikufa, wakiwemo watoto, na mwaka uliofuata nchi hiyo ikatunga sheria ya kumtaka mtengenezaji athibitishe usalama wa dawa kabla ya kuiuza. Miaka 85 baadaye, Oktoba 2022, Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu dawa nne za maji za watoto zilizopatikana Gambia, zilizokutwa na sumu hiyohiyo. Zilihusishwa na vifo vya watoto zaidi ya 60. Sumu hii haina rangi, hufanana kwa macho na gliserini pamoja na vimiminika vingine halali vinavyotumika katika dawa za kikohozi, na ni rahisi kwa bei. Jicho haliwezi kuitambua. Kipimo cha maabara ndicho kinachoitambua. Tangu siku ile sikuliona tena pipa lenye lebo ya kusubiri kuwa ni ucheleweshaji wa kazi.

Kuanzia mwezi wa nne niliingia katika uzalishaji. Kidonge huanza kama unga. Kiambato chenye kutibu hupimwa na kuchanganywa na viambato visivyotibu, kama wanga na selulosi, ambavyo hukipa kidonge umbo na kukisaidia kusambaratika tumboni. Mchanganyiko hulowanishwa uwe chembechembe, hukaushwa, kisha hushindiliwa na mashine inayotoa maelfu ya vidonge kwa saa. Hapo ndipo kazi ya mtarajali inapokuwa nzito. Kidonge kinene kuliko inavyotakiwa kina dawa nyingi kupita kiasi, na chembamba kina pungufu. Kigumu mno hupita tumboni kama kokoto, na laini mno huvunjikavunjika ndani ya chupa kabla ya kumfikia mgonjwa.

Vipimo vya mambo hayo vimeandikwa katika vitabu vya viwango vya dawa, na havina majadiliano. Kwa kidonge cha uzito wa kuanzia miligramu 250, hupimwa vidonge 20 kimoja kimoja. Visizidi viwili vitakavyoachana na wastani kwa zaidi ya asilimia 5, na pasiwepo hata kimoja kitakachoachana nao kwa zaidi ya asilimia 10. Kidonge kisichopakwa ganda hutakiwa kusambaratika ndani ya dakika 15 katika maji ya nyuzi 37 za Selsiasi, joto la mwili wa binadamu. Vidonge vikizungushwa katika ngoma maalumu visipoteze zaidi ya asilimia 1 ya uzito wao.

Aliyenifundisha kuzisoma namba hizo kwa masikio hakuwa mhitimu wa chuo. Alikuwa fundi wa mashine, mzee aliyekaribia kustaafu, ambaye kila asubuhi aliipokea shikamoo yangu bila kugeuka kwa sababu alikuwa anasikiliza. “Mwanangu,” aliniambia, “mashine hukohoa kabla haijaumwa.” Msimu wa masika hewa inapojaa unyevu, chembechembe hunata kwenye vyuma vya kushindilia, na mlio hubadilika kabla mizani haijaonyesha kitu. Nilimwona mara mbili akiizima mashine kwa mlio tu. Mara zote mbili mizani ilimpa haki.

Tukio lililonifundisha kuliko yote halikuhusu mashine, bali karatasi. Usiku mmoja wa zamu nilikuwa nikipitia kumbukumbu za toleo la dawa ya kisukari. Uzito wa vidonge hutakiwa kupimwa na kuandikwa kila nusu saa. Katika kurasa tatu zilizofuatana nilikuta namba zilezile, kwa mpangilio uleule, hadi tarakimu ya mwisho baada ya nukta. Vidonge vya kweli havikubaliani namna hiyo. Mtu alikuwa amepima mara moja na kunakili mara mbili.

Jina lililoandikwa chini ya kurasa hizo lilikuwa la kijana wa kibarua aliyelipwa kwa siku. Nilimfahamu, tulikuwa tukila pamoja wali na maharage ya mama ntilie aliye nje ya geti. Nilijua kwamba nikisema, huenda asubuhi yake ya mwisho kiwandani ikawa ileile. Nilijua pia kwamba lori lilikuwa linasubiriwa alfajiri, na kwamba zipo hospitali ambazo dawa hiyo ilikuwa imekwisha rafuni. Kuchelewesha toleo si jambo lisilo na mgonjwa ndani yake. Lakini mgonjwa ambaye kidonge chake hakikupimwa naye yumo katika hesabu hiyo, na yeye hana namna ya kujitetea. Nilizipeleka kurasa zile kwa mfamasia mkuu wa uhakiki wa ubora.

Toleo lilizuiwa. Vidonge vya kipindi kile cha saa moja na nusu vilitengwa, vikapimwa upya kwa wingi kuliko kawaida, na lori likaondoka baada ya siku mbili bila ya mapipa mawili yaliyokutwa na uzito usiokubalika. Meneja wa mauzo hakufurahi, wala hakulificha hilo. Lililonishangaza ni swali la mfamasia mkuu. Hakuanza kwa kuuliza nani ameandika; aliuliza kijana huyo alikuwa akiangalia mashine ngapi usiku ule. Jibu lilikuwa tatu, kwa kuwa wenzake wawili hawakuja. Haikuwezekana kwa binadamu mmoja kupima vidonge 20 kwa kila mashine, kila nusu saa, na bado akazihudumia mashine zenyewe. Kijana alipewa onyo na mafunzo, akabaki kazini. Kampuni nayo ilibadili utaratibu: mashine isiyo na mtu wake haiwashwi.

Nimelisimulia jambo hili kwa sababu si la kiwandani tu. Msomaji anayefanya kazi katika zahanati au hospitali aifungue leo karatasi ya jotoridi iliyobandikwa kwenye jokofu la chanjo. Jokofu hilo hutakiwa kuwa kati ya nyuzi 2 na 8, na usomaji huandikwa asubuhi na jioni. Akikuta nyuzi 4 kila asubuhi na kila jioni kwa mwezi mzima, pamoja na siku umeme ulipokatika, amekutana na ndugu wa zile kurasa zangu tatu. Kabla ya kumtafuta mwandishi wa namba hizo, ahesabu kwanza kazi alizopangiwa mtu huyo. Takwimu ya uongo mara nyingi huzaliwa pale kazi inapouzidi mkono unaoifanya.

Mwaka wa namna hii una kasoro zake. Katika miezi 12 sikumwona mgonjwa hata mmoja akiimeza dawa niliyoipima, na ilinibidi kujikumbusha kwa makusudi kwamba yupo. Aidha, kampuni ipo ili ipate faida, na mtarajali mwenye bidii hugeuka haraka kuwa mfanyakazi wa bei nafuu. Kwa wiki kadhaa nilibandika lebo tu, hadi nilipouonyesha uongozi mpango wa mafunzo na kuomba uheshimiwe. Kwa hiyo nawashauri wanaofuata mambo matatu. Kwanza, mwombe mpango wa maandishi unaotaja idara na majuma, kabla ya siku ya kwanza. Pili, mwandike kila jioni mlichojifunza, kwa maneno yenu na si kwa maneno ya miongozo. Tatu, mumtafute mwalimu wa chuo wa kuzungumza naye kila mwezi, kwa maana yapo maswali ambayo si rahisi kumwuliza anayekulipa posho.

Vyuo vyetu navyo vina la kufanya. Sehemu kubwa ya dawa tunazotumia bado huagizwa kutoka nje, na nchi inayotaka kujitengenezea zake itahitaji wafamasia wanaojua kiwanda kama wanavyoijua wodi. Upande wa udhibiti tumekwisha piga hatua. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani liliuthibitisha mfumo wa Tanzania wa kudhibiti dawa kuwa umefikia ngazi ya tatu ya ukomavu, nao ukawa wa kwanza barani Afrika kufikia ngazi hiyo. Mkaguzi mzuri apate basi watengenezaji wazuri wa kuwakagua.

Kwa msomaji asiye mwanafunzi wala mfamasia, nina ombi moja. Kila pakiti ya dawa ina namba ya toleo, iliyochapwa karibu na tarehe ya kuisha muda wake. Usiitupe pakiti kabla ya kuimaliza dawa. Ukiona kidonge kimebadilika rangi, kimemeguka au kina harufu usiyoizoea, ipeleke pakiti hiyo kwa mfamasia wako au itolee taarifa kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Kwa namba hiyo kiwanda kitaweza kujua siku, mashine na zamu iliyokitengeneza kidonge chako, na kuifungua tena karatasi iliyoandikwa usiku ule.