Mtoto akiwa mikononi mwa korti huko Marekani

Wengi tuna jamaa waliohamia Marekani. Hapa kambini mtoto akikosa mlezi, shangazi anambeba jioni hiyo hiyo. Kule hapana. Kila jimbo lina sheria zake, na mtoto aliyechukuliwa na korti ya jimbo moja havuki kwenda kwa shangazi wa jimbo jingine bila kibali. Majimbo yalianza kuingia mkataba huo 1960: ofisi moja inaandikia nyingine, nyumba ya shangazi inakaguliwa. Sheria ya 2006 inataka ripoti ya nyumba ndani ya siku 60. Siku 60 kwa wageni, jamani! Vijana wenye kesi au waliotoroka wana mkataba wao. Basi waambieni jamaa: korti ikiuliza, watajeni ndugu wote siku ya kwanza, hata wa mbali.