Wiki ya Kwanza Wizarani

Mwanafunzi wetu mmoja wa mwaka wa tatu alipelekwa katika wizara moja mjini Kampala kwa mafunzo kwa vitendo. Wenzake wanatuuliza: wiki ya kwanza mtu hufanya nini? Kwa kweli, husoma majalada. Huketi masijala, akajua kwamba waziri ni mwanasiasa, kwamba Katibu Mkuu ndiye anayewajibika kwa fedha za wizara, na kwamba jalada haliendi nyumbani.

Siku ya nne ikaja barua ya Kiswahili kutoka Tanzania kuhusu ng'ombe waliovuka mpaka. Aliyeiandika ni mkuu wa wilaya. Mwanafunzi wetu akaitafsiri kwa Kiingereza vizuri tu, ila cheo hicho akakifanya mwenyekiti wa wilaya, yaani LC V. Mkuu wa wilaya wa Tanzania huteuliwa na Rais. Mwenyekiti wa LC V hapa Uganda huchaguliwa na wananchi. Anayelingana naye kwetu ni RDC, mteule wa Rais pia. Nakala ya jibu ilikuwa karibu kupelekwa kwa asiyehusika, hadi karani mmoja mkongwe alipoliona kosa.

Lawama nyingine ni yetu. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu marekebisho ya Katiba ya 2005, nasi tumefundisha ngeli mihula yote bila kugusa vyeo vya serikali ya jirani. Muhula ujao tutaanza na mkuu wa wilaya, afisa tarafa na mtendaji wa kata.