Zabibu kwa Nyundo, Kikombe kwa Tanuru (Sehemu ya Tatu)

Wiki iliyopita tuliishia Thessaloniki, Ugiriki, mbele ya mtungi wa Derveni uliofukuliwa kaburini mwaka 1962. Tuliona kwamba unang'aa kama dhahabu ilhali hauna dhahabu. Ni wingi wa bati ndani ya bronzi ndio unaodanganya macho. Leo tunavuka Bahari Nyeusi hadi Georgia, katika milima ya Kaukazi.

Georgia ina miongoni mwa ushahidi wa kale kabisa wa mvinyo wa zabibu duniani. Mwaka 2017 watafiti walitangaza kuwa vigae vya mitungi kutoka Gadachrili Gora na Shulaveris Gora, vijiji vya kale kusini mwa Tbilisi, vina mabaki ya asidi ya zabibu yenye umri wa miaka 8,000 hivi. Mtu angetarajia kwamba katika nchi kama hiyo kila sanamu ya metali ingesheheni vichala. Sivyo. Sanamu mbili za mvinyo zinazojulikana zaidi Tbilisi hazina hata punje moja ya zabibu. Zina bakuli, zina pembe, zina mtu anayekaribisha. Zabibu zenyewe utazikuta kwenye kazi ndogo za ukutani na za kanisani, zile zinazofuliwa kwa nyundo. Wanahistoria wa sanaa hupenda kueleza mambo ya namna hii kwa dini au kwa siasa. Mimi naona jibu kubwa liko karakana.

Tuanze na yule anayeonekana kwa mbali. Kartlis Deda, yaani Mama wa Georgia, alisimamishwa juu ya kilima cha Sololaki mwaka 1958, Tbilisi ilipoadhimisha miaka 1,500 tangu kuasisiwa. Kimo chake ni mita 20. Mkono wa kushoto ameshika bakuli la mvinyo, wa kulia ameshika upanga: bakuli ni la ajaye kwa heri, upanga ni wa ajaye kwa shari. Aliyembuni ni Elguja Amashukeli, wakati huo kijana wa miaka kama 30. Sanamu ya mwanzo ilikuwa ya mbao. Miaka michache baadaye ikaja ya aluminiamu, metali ileile ya sufuria za nyumbani, na iliyopo leo iliwekwa katika miaka ya 1990.

Aluminiamu haikuchaguliwa kwa uzuri wake. Kimo cha mita 20 kwa bronzi juu ya ukingo wa kilima unaopigwa na upepo kingetaka msingi mzito na fedha nyingi. Aluminiamu ni nyepesi, na ikikutana na hewa hujivika utando mwembamba unaoizuia isiendelee kuliwa. Ndiyo maana Mama huyu ana rangi ya fedha iliyofifia, hana ule ukijani wa sanamu za shaba za zamani. Lakini bamba la aluminiamu lina masharti yake: linakubali mapande mapana na mistari mirefu, halikubali vitu vidogovidogo vyenye mikunjo mingi. Bakuli linafaa. Kichala hakifai, na hata kingefanywa, mtu aliye mjini chini asingekiona.

Nikiwa bado kwenye bakuli hilo, kuna jambo la miaka ya 1980 ambalo hunichekesha kidogo. Mwaka 1985 Mikhail Gorbachev alianzisha kampeni ya kupiga vita ulevi katika Umoja wa Kisovieti, na mashamba mengi ya mizabibu yakang'olewa, ya Georgia yakiwemo. Mizabibu ilikatwa, bakuli la mvinyo likabaki kileleni, mita 20 za propaganda ya kinyume, na hakuna aliyepanda kuliondoa.

Sanamu ya pili ni ndogo na iko chini kabisa, mtaa wa Shardeni katika mji mkongwe. Ni mtu wa bronzi aliyeketi, pembe ya kunywea mkononi. Huyu ni tamada, kiongozi wa karamu. Katika supra, karamu ya Kigeorgia, mtu hajinywei ovyo: tamada husema maneno ya baraka, kwa amani, kwa nchi, kwa marehemu, kwa watoto, na kila neno lina kikombe chake. Anatakiwa awe msemaji hodari na anywe bila kulewa, sifa mbili ambazo si rahisi kukaa kwa mtu mmoja. Sanamu hiyo ni nakala iliyokuzwa ya kisanamu kidogo cha karne ya 7 K.K. kilichofukuliwa Vani, magharibi mwa nchi, mahali palipokuwa na wahunzi na masonara wa hali ya juu.

Itazame pembe kwa makini. Pembe haina kitako. Ikishajazwa haiwezi kuwekwa mezani mpaka iishe. Kwa mnywaji huo ni mtihani, kwa mchonga sanamu ni zawadi, maana mkono hauna ruhusa ya kupumzika. Mwili mzima unapata la kufanya, nawe unajua papo hapo kinachoendelea bila kuonyeshwa zabibu wala pipa.

Pipa lenyewe, kwa kweli, halipo. Mvinyo wa jadi wa Georgia hutengenezwa ndani ya qvevri, mtungi mkubwa wa udongo wenye umbo la yai, uliozikwa ardhini hadi shingoni. Zabibu hukamuliwa, maji yake yakamiminwa humo pamoja na maganda na kokwa, na katika jimbo la Kakheti hata na vikonyo. Baada ya kuchacha mtungi hufunikwa na kuachwa miezi mitano au sita. UNESCO iliuingiza ufundi huu katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2013. Wakulima wa Dodoma, wanaovuna mara mbili kwa mwaka, huenda wakaona ajabu subira ya watu wanaovuna mara moja tu, wakati wa vuli, kisha wanaizika kazi yao. Kwa mchonga sanamu, ghala la namna hii ni sakafu yenye matundu. Hakuna cha kuchonga.

Sasa twende kwenye tanuru. Sanamu ya bronzi husubiwa. Kwa njia ya kale fundi huumba umbo kwa nta, huizungushia udongo wa kuhimili moto, huiyeyusha nta ikatoka, kisha humimina bronzi katika nafasi iliyobaki, ikiwa na joto la nyuzi 1,100 hivi. Nta hiyo ni ya nyuki, na ni nta ya nyuki hiyohiyo inayopakwa ndani ya qvevri ili udongo usivuje. Mfuga nyuki wa Kaukazi alikuwa akihudumia pishi la mvinyo na karakana kwa mzinga mmoja.

Kichala cha zabibu ni adui wa kalibu. Kati ya punje na punje kuna mianya inayoingia ndani na kupanuka. Udongo wa kalibu ukijaa humo hubaki kama vijino vyembamba, na bronzi ikipita kwa nguvu huvivunja. Hewa hunaswa, na metali inapopoa hutoka na vishimo. Mafundi huweza kulishinda tatizo hilo: hukisubu kichala kwa vipande, huunga, kisha hukaa na tindo na tupa wakisafisha kila mwanya. Hiyo ni kazi ya siku nyingi kwa kitu ambacho mpita njia hukitupia jicho mara moja. Mkono unaoshika pembe husema zaidi kwa gharama ndogo.

Kwa mwenye nyundo hesabu inageuka. Huchukua bamba la shaba nyekundu, unene wake milimita moja au pungufu, hulilaza juu ya lami iliyopashwa moto, ambayo hulishika lisicheze na wakati huohuo hubonyea. Huligeuza upande wa nyuma, huchukua tindo lenye ncha ya mviringo na kuligonga. Pigo likikaa vizuri, upande wa mbele panatokea uvimbe wa duara, nao ni punje ya zabibu. Punje za mbele huzamishwa zaidi, za nyuma huguswa tu, na tayari kichala kina kina. Baada ya muda shaba hukaza, haitaki tena kunyooka. Fundi huitoa, huitia moto hadi iwe nyekundu, huipoza ikalainika, kisha hurudi kwenye lami. Mwisho huligeuza bamba usoni na kwa tindo jembamba huzungushia kila punje mstari wake na kuchora mishipa ya majani. Kitu kinachomtesa msubuji ndicho chepesi kuliko vyote kwa mfuaji.

Hoja yangu ina mpinzani mmoja wa heshima. Katika miaka ya 1930 mwanaakiolojia Boris Kuftin alifukua huko Trialeti bilauri la fedha la mwanzo wa milenia ya pili K.K. Limefuliwa kwa nyundo, na lina msafara wa watu walioshika vikombe wakimwendea aliyeketi. Nyundo ilikuwepo, zabibu hazikuchorwa. Nakubali basi kwamba heshima ya kikombe ni ya kale kuliko karakana ninayoizungumzia. Nyundo ilimpa fundi uwezo, haikumlazimisha.

Ufuaji huu ulistawi sana enzi za kati, Beka na Beshken Opizari wakiwa ndio masonara mashuhuri wa karne ya 12, na ukafufuliwa katika karne ya 20 na akina Irakli Ochiauri na Koba Guruli. Mahitaji yalipokuwa makubwa, viwanda navyo vikaingia na mashine za kukandamiza, na masoko ya kumbukumbu yakajaa mabamba ya wavunaji na vichala vinavyofanana kama mapacha. Anayetaka kununua bamba asibishane na muuzaji kuhusu uso wake, maana uso hutiwa weusi wa salfa na kusuguliwa ukapendeza kwa vyovyote. Aligeuze. La mkono lina alama za tindo zisizolingana, pengine na mabaki ya lami kwenye punje zilizozama zaidi. La mashine mgongo wake ni laini, na kila punje ina kina kilekile.

(Itaendelea)