Mathenge: Kichaka Kizito Kisicho na Boriti

Kijana wetu mmoja wa hapa pwani, anayefanya kazi Kataboi, ufuoni mwa Ziwa Turkana, ameniuliza: "Huku mathenge umejaa hata mbuzi hapiti. Mbona nikitafuta mti mmoja wa kusimamisha kibanda siupati?" Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Huko wajenzi wapo, ila miti yenyewe ni fito tupu.

Swali hili latuhusu na sisi. Mathenge, ambao Waturkana huuita etirae, uliingilia mlango wetu. Mwaka 1973 mbegu zililetwa kutoka Brazil na Hawaii kuotesha miti katika machimbo ya saruji pale Bamburi. Miaka ya themanini ukapandwa Turkana, Baringo na Tana River ili kuzuia jangwa.

Sasa tuje kwenye jawabu. Mti waishi kwa jua, maji na rutuba, na kila kipande cha ardhi kina kiasi chake. Sinia la pilau la watu wanne likikaliwa na kumi, wote watakula, lakini hakuna atakayeshiba. Lodwar hupata mvua ya karibu milimita 200 tu kwa mwaka. Sinia lenyewe ni dogo.

Tazama hesabu. Miti ikiachana mita 2, ekari moja yabeba karibu 1,000. Ikiachana mita 5, yabaki kama 160. Lakini ile 1,000 haitoi kuni mara sita ya ile 160. Matawi yakishakutana, kila mti hukimbilia juu kutafuta jua, na unene huachwa nyuma. Ndiyo maana mkulima wa mvinje wa Kilifi au Kwale huvuna fito mapema, akaacha michache iliyonyooka iwe boriti. Huko ndiko kupunguza miti: unatoa mingi ili iliyobaki inenepe.

Mathenge una ujanja wake zaidi. Ukiukata juu ya ardhi, kisiki kimoja hutoa machipukizi mengi. Mbuzi nao hula maganda yake na kuziangusha mbegu pamoja na mavi. Kwa hiyo anayefyeka kila kitu kisha akenda zake amepanda upya, tena kwa wingi kuliko mwanzo.

Afanyeje basi? Kwa kila kisiki achague shina moja nene lililonyooka, akate mengine, na apogoe matawi ya chini mpaka mtu apite bila kuinama. Mti usiotakiwa auchimbe na kuukata shibiri moja chini ya udongo, na arudi kila msimu kuondoa machipukizi. Maganda yakusanywe na kusagwa mpaka mbegu zivunjike, ndipo yachanganywe na malisho. Yaliyokatwa ni kuni na makaa, na jua likifika chini, majani ya mifugo hupata nafasi ya kurudi.

Afanye hivyo kwa awamu. Akifungua uwanja wote siku moja, jua hilo hilo litaotesha mbegu za mathenge zilizolala ardhini. Tena asiuguse mgunga, ewoi wa Waturkana, ambao maganda yake huwaokoa mbuzi wakati wa ukame.

Mwaka 2006 wakazi wa Baringo waliishitaki serikali kwa sababu ya mti huu, na mbuzi aliyepoteza meno kwa kula maganda yake akawa ushahidi. Mbegu zilikuwa zimeletwa kwa nia njema, lakini hakuna aliyepangiwa kurudi na panga.

Leo serikali yatuahidi miti bilioni 15 ifikapo 2032. Napenda miti. Lakini kila kiongozi anayepigwa picha akishika mche aulizwe: ni nani atakayerudi kupunguza, na kwa bajeti gani? Kupanda ni kazi ya asubuhi moja. Kutunza ni kazi ya miaka, na mtu wa Kataboi ndiye aliyeachiwa bila kuulizwa.