Kadi Mbili za Michoro Katika Mji wa Sisibo

Wazee wa Eldoret bado huuita mji wao Sisibo, jina linalotokana na Shamba Namba 64 ambalo mji ulianzishwa juu yake mwanzoni mwa karne ya 20. Namba hiyohiyo, 64, imo ndani ya kadi mbili za michoro ambazo mtu mwenye bajeti ndogo hulinganisha anapotaka kuipa kompyuta yake uhai mpya: Radeon RX 580 ya AMD, iliyotoka Aprili 2017, na GeForce GTX 1650 ya NVIDIA, iliyotoka Aprili 2019. Katika kadi zote mbili, viini vya kukokotoa vimepangwa kwa mafungu ya 64. RX 580 ina mafungu 36, yaani viini 2,304. GTX 1650 ina mafungu 14, yaani viini 896.

Ukiishia hapo, utadhani mshindi amejulikana. Tusiishie hapo.

Skrini ya kawaida ya pikseli 1,920 kwa 1,080 ina nukta zaidi ya milioni mbili. Mchezo ukionyesha picha 60 kwa sekunde, nukta zaidi ya milioni 120 zinahitaji kupewa rangi kila sekunde. Prosesa kuu ya kompyuta ina viini vichache vyenye uwezo mkubwa, na kazi hii ingeilemea. Kadi ya michoro hufanya kama watu wanaopalilia shamba la mahindi kwa pamoja: hakuna bingwa kati yao, lakini kila mmoja ana mstari wake na wote huinua jembe kwa wakati mmoja.

Nguvu ya kadi kwenye karatasi huhesabiwa kirahisi. Chukua idadi ya viini, zidisha kwa kasi ya saa yake, kisha zidisha kwa mbili, kwa sababu kila kiini kinaweza kuzidisha na kujumlisha kwa mpigo mmoja. RX 580 ikienda kwa megahezi 1,340 hufikia hesabu trilioni 6.2 kwa sekunde. GTX 1650, kwa megahezi 1,665, hufikia karibu trilioni 3. Kumbukumbu nayo ni vivyo hivyo: RX 580 ya gigabaiti 8 husafirisha data gigabaiti 256 kwa sekunde kupitia njia ya biti 256. GTX 1650 ina gigabaiti 4 na njia ya biti 128, inayopitisha gigabaiti 128 kwa sekunde. Kwenye jedwali la sifa za kadi, nguvu na kumbukumbu zote zinasema mara mbili.

Lakini usione wembamba wa reli, garimoshi hupita. Michezo inapopimwa kwenye skrini hiyo ya kawaida, RX 580 huongoza kweli, ila kwa kati ya moja ya tano na moja ya tatu, kutegemea mchezo. Ile mara mbili haionekani. Imepotelea wapi?

Fikiria msimu wa mavuno katika kaunti yetu ya Uasin Gishu. Foleni ya malori mbele ya ghala la bodi ya nafaka, NCPB, haipunguzwi kwa kuongeza wavunaji shambani. Hupunguzwa kwa kuongeza mizani langoni. Sehemu zinazoandika nukta zilizokamilika kwenye kumbukumbu ni 32 katika kila kadi, na zile za GTX 1650 huenda kwa kasi zaidi. Isitoshe, muundo wake, uitwao Turing, unaweza kufanya hesabu za namba kamili na za desimali kwa wakati mmoja, ilhali RX 580 hutumia viini vilevile kwa zote mbili, kwa zamu. Kwa hiyo viini vyake vingi hungoja. Jedwali huhesabu wavunaji, mchezo huhesabu mahindi yaliyofika ghalani.

Sasa tuje kwenye umeme, ambako ndiko uamuzi wa mnunuzi wa hapa hufanyika. Kompyuta nyingi zinazouzwa kwa bei nafuu ni za ofisini zilizotumika, zile tunazoziita ex-UK. Dell OptiPlex 9020 ya umbo la mnara, kwa mfano, ina pawasaplai ya wati 290. RX 580 hula hadi wati 185 na huhitaji waya wa ziada wa pini 8, na AMD hushauri pawasaplai ya wati 500. GTX 1650 hula wati 75, kiwango kilekile ambacho tundu la ubao mama linaweza kutoa, hivyo matoleo yake mengi hayahitaji waya wowote. NVIDIA hushauri wati 300. Tofauti ya wati 110, kwa saa nne kila siku, ni uniti 13 za tokeni kwa mwezi.

Hewa nayo ina neno. Eldoret iko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa nyepesi inayowakomaza wakimbiaji wetu hubeba joto kidogo kuliko hewa ya Mombasa, kwa hiyo feni hufanya kazi zaidi kwa matokeo yaleyale. Baridi yetu hufidia sehemu ya hasara hiyo, lakini kadi ya wati 75 ina joto dogo la kuondoa tangu mwanzo.

RX 580 ina haki yake. Gigabaiti 8 ni nafasi ya maana kwa michezo mipya ambayo gigabaiti 4 hazitoshi. Hata hivyo, mwanafunzi anayetengeneza katuni kwa programu ya Blender ajue kwamba tangu toleo la 3.0 la Desemba 2021, injini yake ya Cycles haiitumii kadi hiyo tena, ilhali GTX 1650 inatumika kupitia CUDA, mfumo wa NVIDIA wenyewe.

Kuna tahadhari mbili za sokoni. Ya kwanza: sarafu ya kidijitali ya Ethereum ilipoacha kuchimbwa kwa kadi za michoro Septemba 2022, kadi nyingi zilizofanya kazi usiku na mchana ziliingia soko la mitumba, zikiwemo RX 580. Ya pili: kuna kadi iitwayo RX 580 2048SP, yenye mafungu 32 badala ya 36. Hiyo, kwa hesabu ya viini, ni RX 570 iliyovishwa jina la kaka yake. Programu ya bure ya GPU-Z itakuonyesha idadi ya kweli.

Uamuzi wangu ni huu: mwenye pawasaplai ya wati 500 na hamu ya michezo achukue RX 580 yenye viini 2,304 kamili. Mwenye mashine ya ofisini achukue GTX 1650, kwa kuwa kadi isiyopata umeme wa kutosha haina kasi yoyote. Kabla hujalipa, fungua kifuniko cha kompyuta yako na usome wati zilizoandikwa kwenye pawasaplai.