Kijiwe si zahanati

Ukitoka Kwa Mtogole kuelekea soko la Tandale, Dar es Salaam, utawakuta vijana kwenye mabenchi, wengine wakicheza drafti, wengine wakingoja lori la mahindi lije wapate mzigo wa kubeba. Mpita njia atakwambia hao ni wahuni. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Muhimbili waliowafuata walikuta jambo jingine: vijiwe vingi, au kambi kama vijana wenyewe wanavyoviita, vina mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Mwenzao akifiwa, mchango unapitishwa. Kuna masharti ya kuingia, na kuna makosa ya kufukuzwa.

Kwa mtu wa kinga ya UKIMWI, hilo ni jambo kubwa. Mwanamke wa Tandale hupimwa VVU anapokwenda kliniki ya wajawazito, apende asipende kufikiria habari hizo. Mwanamume wa miaka 22 mwenye afya hana siku ya namna hiyo. Anaweza kufika miaka 30 bila muuguzi yeyote kumuuliza neno. Utafiti wa kitaifa wa 2022–23 ulikuta VVU kwa asilimia 3.0 ya wanaume na 5.6 ya wanawake, na bado wanaume ndio wanaochelewa kujua hali zao. Kama hawaji kliniki, basi wafuatwe kijiweni.

Wazo hilo lilipimwa kweli. Kuanzia 2013, wataalamu wa Muhimbili na Chuo Kikuu cha North Carolina walichukua vijiwe 59 vya Tandale, Manzese, Mabibo na Mwananyamala, vyenye wanaume zaidi ya 1,200, wakavigawa kwa kura. Upande mmoja ulipewa mikopo midogo na mafunzo ya biashara, na wanakijiwe walioaminiwa na wenzao wakafundishwa kuzungumza nao juu ya kondomu, kupima, na kutowapiga wapenzi wao. Baada ya miezi 30 vijiwe vikalinganishwa. Matokeo yaliyochapishwa 2020 hayakuonyesha tofauti ya maana kati ya pande hizo mbili, si kwa magonjwa ya zinaa wala kwa ukatili.

Wapo watakaosema fedha zimepotea. Mimi naona tumepata jibu ambalo miradi mingi ya semina na fulana haijawahi kuthubutu kulitafuta. Kijiwe kizima kilipimwa, aliyechukua mkopo na asiyechukua, aliyemsikiliza kiongozi na aliyeendelea na drafti yake. Mtaji mdogo wa kuuza mitumba unaweza kuliwa na kodi ya chumba kabla haujabadilisha chochote kitandani. Wapenzi nao wengi hawako kwenye benchi lile. Maneno ya rafiki yana uzito, lakini hayawezi kubeba kazi ya huduma.

Zaidi ya hayo, aliye hatarini kuliko wote huenda hayupo kijiweni kabisa. Bangi inavumiliwa, na viroba vya pombe vilinywewa mchana kweupe mpaka Serikali ilipovipiga marufuku Machi 2017. Anayetumia unga, yaani heroini, ni habari nyingine. Arosto, yale maumivu ya kuukosa, ikimbana ataiba simu ya mwenzake, na hapo anafukuzwa. Anahamia maskani ya mateja, ambako tangu heroini nyeupe inayoyeyuka majini ilipoingia mwishoni mwa miaka ya 1990, wengi waliacha kuvuta wakaanza kujidunga. Uchunguzi wa 2005–06 miongoni mwa wanaojidunga Dar es Salaam ulikuta zaidi ya wanne kati ya kumi wana VVU.

Huyo semina haimfai. Kinachomfaa ni methadoni, iliyoanza kutolewa Hospitali ya Muhimbili Februari 2011, kisha Mwananyamala na Temeke. Kwa kawaida dozi moja hunywewa kila siku mbele ya mhudumu wa kliniki, huzuia arosto kwa takriban saa 24, na asiyejidunga hana sindano ya kuchangia. Tatizo ni hilo neno «kila siku». Wa Tandale anaweza kutembea hadi Mwananyamala. Wa mbali anatafuta nauli ya kwenda na kurudi, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Na kwanza lazima apatikane. Waelimishaji rika, baadhi yao waliowahi kutumia, humfuata maskani, ila msako wa polisi ukipita watu hutawanyika na kazi huanza upya.

Kijiwe kina la kufanya bado. Marekebisho ya sheria ya Novemba 2019 yaliruhusu mtu kujipima VVU mwenyewe, hivyo mwenyekiti anaweza kugawa vipimo kama anavyokusanya michango. Lingine ni gumu zaidi, na halihitaji mfadhili. Anayekunywa methadoni humaliza asubuhi na mapema, tumbo tupu na siku nzima mbele yake bila kazi. Sharti la kumfukuza teja lipo katika vijiwe vingi. La kumrudisha anayetibiwa ndilo ambalo wanakijiwe wangepaswa kukaa na kuliandika, maana wale wa maskani hawamwekei masharti yoyote.